Nusu Mita Kutoka Ardhini

Wapendwa, kulikuwa na mtu mmoja aliyeitwa Shekiondo. Kazi yake ilikuwa kuwashusha watu kwa kamba ndani ya pango refu. Ukitupa jiwe mdomoni mwa pango lile, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo unalisikia limetua. Miaka kumi na tisa Shekiondo alishuka na kupanda bila hata kuchubuka.

Sasa, hashuki mtu kwa mikono mitupu. Kuna chuma cha kushukia, kinafungwa kwenye mkanda kiunoni. Kamba inapita ndani yake, inabanwa, nawe unateremka taratibu. Chuma hicho kina kilango chenye springi. Kikifunga vizuri unasikia "tka!" Kisipofunga, kamba inaweza kuchomoka.

Kwa hiyo Shekiondo aliweka sheria. Kabla ya kusogelea shimo, kila mtu ajining'inize kwanza kwenye kamba fupi iliyofungwa tawini, nusu mita tu kutoka ardhini.

Asubuhi moja alifika mtafiti wa popo, mama mmoja aitwaye Namsifu, na wenzake wawili. Shekiondo akavikagua vyuma vyao. Akafuta tope, akatafuta nyufa, akapitisha kidole pale kamba ilipokula chuma, akasikiliza mlio. Kimoja akakitupa kando.

"Hiki kimechoka. Kakizuilieni mlango nyumbani."

Akawapa kingine. Wakajining'iniza mmoja mmoja, wakabembea, wakacheka. Kisha Shekiondo akachukua chuma chake, huyoo, akaelekea shimoni.

"Mzee, mbona wewe hujajaribu?" Namsifu akauliza.

"Dada yangu, mimi nashuka hapa tangu wewe uko shule ya msingi."

"Na hicho chuma je? Si nacho kinashuka tangu niko shule ya msingi?"

Wenzake wakaangalia pembeni. Shekiondo akahisi uso unamchoma. Kuulizwa hivyo, mbele ya wageni, na mtu aliyetoka kumkagulia chuma sasa hivi! Lakini akarudi, ili wayamalize. Akapitisha kamba, akafunga, akakunja miguu.

Puu!

Tope la safari iliyopita lilikuwa limekauka kwenye springi. Kilango kilifunguka, kamba ikachomoka, na mzee wa watu akakaa chini kwa makalio, kofia imemfunika macho. Walicheka hadi wakashikana mabega.

Shekiondo akavua kofia. Akakitazama kile chuma, akalitazama shimo, hatua nne tu kutoka pale alipokaa. Halafu naye akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Pole, mzee," Namsifu akamwambia, akimpa mkono.

"Usinipe pole, dada. Nipongeze."

Akachukua chuma cha akiba, akakikagua, akajining'iniza, kikashika. Mchana ule wote wanne walikuwa chini pangoni, wanahesabu popo, wanakula viazi, na mzee anapiga mluzi.

Ndugu zangu, mlidhani nitasema kwamba hakuanguka? Alianguka! Mbele ya watu! Kilichobadilika ni mahali alipoangukia.

Nasi je? Sisi tunaojua kukagua ndoa za majirani na sala za wenzetu, akija mtu kutuuliza habari zetu, si tunanuna? Tunasema, "Ananidharau." Hakudharau. Anakuita uanguke hapa juu, penye mwanga, uchekwe kidogo, uinuke, ujifute vumbi. Unapendelea wapi, hapa au kule shimoni?

Mimi ninayewahubiria, juzi mke wangu aliniambia, "Baba, upole unaumaliza wote kanisani, nyumbani unatuletea makombo." Niliumia. Nilitaka kumkumbusha nimeanza lini utumishi. Lakini nikavuta kiti, nikamwambia, "Endelea, nakusikiliza." Nilianguka, wapendwa. Ila nilianguka jikoni kwangu, mbele ya anayenipenda, na alipomaliza kusema alinimiminia chai.