Pua ya Jibini

Katika vijiji vyote vya nchi ya Brie, hakuna mtu anayeijua jibini kunishinda mimi. Naweza kufumba macho, nikainusa, nikakwambia imetoka shamba gani na ng'ombe wake hulalia ubavu upi. Kusema kweli, mwaka jana nilinusa hivyo mbele za watu, nikaisifu kwa maneno mazito, kumbe zilikuwa soksi za mume wangu zilizoanikwa dirishani. Basi tuseme naijua kiasi.

Methali, lakini, sijapata kuichanganya na soksi. Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Maana yake ni kuwa mtu akidanganya huanza safari kwa madaha, shingo juu kama bata mzinga, lakini hafiki mbali kabla hajajikwaa, na mara nyingi jiwe linalomkwaa amelitupa mwenyewe. Asiyesadiki na asikilize yaliyotokea nyumbani kwa Fernand Pottier, Jumapili moja baada ya Pasaka.

Fernand alikuwa mkulima wa ngano, mrefu, mpole kama maji ya mtungini, na mkaidi katika jambo moja tu. Aliamini kwamba tabia ya mtu haionekani kwenye nyama wala kwenye divai. "Nyama hupakuliwa na mwenyeji," alizoea kusema. "Jibini mtu hujikatia mwenyewe, na hapo ndipo unapomwona alivyo."

Na alikuwa na haki. Jibini ya kwetu ni laini, duara, pana kama sinia, na muuzaji huikata vipande vya pembetatu. Ile ncha ya pembetatu ndiyo iliyokuwa moyo wa duara. Sisi twaiita pua, na utamu wote umelala hapo. Mwenye adabu hukata ubavuni, kwa urefu, apate pua kidogo na ganda kidogo, na anayemfuata apate vivyo hivyo. Anayeikata pua yote akajipakulia amewapokonya wote waliokaa mezani. Nawajua ndugu wa tumbo moja ambao hawasalimiani mpaka leo kwa sababu ya pua moja.

Mkewe Fernand aliitwa Ghislaine. Mwanamke huyu aliipenda jibini kama samaki apendavyo maji, mpaka majira ya baridi yaliyopita daktari alipomkataza, akisema damu yake imejaa mafuta kuliko maziwa ya ng'ombe wake. Ghislaine akaapa mbele ya mumewe, mkono juu ya picha ya marehemu mama yake, kwamba haionji tena. Fernand alikitangaza kiapo hicho hadi mlangoni pa kanisa. "Mke wangu ni chuma," alisema. Watu walimtazama Ghislaine, wakaona chuma kinazidi kunenepa, wakanyamaza.

Jumapili hiyo binti yao wa pekee, Solène, alimwalika mchumba wake aje ale chakula cha mchana. Kijana aliitwa Bastien, fundi umeme, mtu wa mbali huko kaskazini. Solène alimpenda hata usingizi ukamruka, lakini hakutaka kuolewa bila baraka za baba yake, na baba yake alikuwa amesema neno moja tu: atakula naye, kisha atatoa jibu. Ghislaine yeye jibu lake alikuwa nalo zamani. Alimtaka mtoto wa mwenye duka la dawa.

Asubuhi Fernand na Solène walikwenda kanisani, pamoja na dada mkubwa wa Fernand, Shangazi Yvette, mjane mwenye ulimi mkali. Ghislaine alibaki kuangalia paja la kondoo jikoni. Jibini alikuwa ameshaitoa mapema kwenye chumba cha baridi, maana jibini iliyoshikwa na baridi ni kama mtu aliyezibwa mdomo: ipo, lakini haisemi. Aliiweka juu ya kabati la jikoni, kwenye ubao wake, akaifunika kwa kawa la kauri. Bastien alifika kwa treni kabla wengine hawajarudi, na Ghislaine akamwonyesha jikoni akanawe mikono.

Chakula kilikwenda vizuri ajabu. Bastien aliumega mkate kwa mkono. Majani ya saladi aliyakunja kwa uma, hakuyakata kwa kisu. Shangazi Yvette alimnong'oneza Solène, "Huyu alilelewa ndani ya nyumba, si zizini." Fernand mwenyewe alianza kutabasamu, na Solène, aliyekuwa akiutazama mdomo wa baba yake kama mkulima atazamavyo mawingu, moyo ukamtulia.

Kisha Fernand akaenda jikoni, akauleta ubao. Aliuweka katikati ya meza, akatazama kila mtu kwa zamu kama padri, akalifunua kawa.

Pua haikuwepo.

Ile pembetatu ilikuwa imebaki butu kama kisigino. Fernand alisimama na kawa mkononi, mdomo wazi, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ukuta. Solène alijiziba mdomo kwa kiganja. Shangazi Yvette, aliyezika waume wawili bila kudondosha hata leso, aliudondosha uma. Harufu ya jibini ikatanda juu yao taratibu kama harufu ya maua msibani.

"Nani?" Fernand akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililotisha.

"Panya," akasema Ghislaine upesi.

Yvette alivaa miwani, akainama juu ya ubao. "Wifi, panya huyu ni kinyozi. Amekata mara moja, sawasawa kabisa."

"Basi paka."

"Na akimaliza akalirudisha kawa? Niazime paka huyo, wifi. Mimi nina vyombo vya kuosha."

Ghislaine alikunja kitambaa chake cha mezani, akakikunjua. "Mimi msiniangalie. Mimi nilishaapa, na tangu asubuhi kawa hilo sikuligusa hata kwa kidole. Na wageni sisemi kitu juu yao."

"Nani kasema wageni?" Fernand akauliza.

"Mimi? Sisemi. Ila kuna mtu aliingia jikoni kunawa mikono, na huko kunawa kwenyewe ungedhani anamwogesha farasi."

Macho yote yakamgeukia Bastien. Kijana aliiva masikio.

"Mama, nilinawa tu," alisema. "Nilikuwa natengeneza gari la jirani jana, kucha zikawa na grisi. Nikasugua. Nilitaka nije mezani safi."

"Na jibini hukuiona?"

"Niliisikia harufu. Kuiona sikuiona. Na hata ningeiona, Mzee Fernand, hii sheria ya pua ndiyo kwanza naisikia leo. Kwetu haipo."

"Kwenu hamna jibini?"

"Ipo, Mzee. Inanuka kuliko hii. Asubuhi tunaichovya kwenye kahawa."

Hapo ndipo mshtuko wa kwanza ulipoonekana kuwa mdogo. Fernand alilitua kawa mezani kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeogopa mikono yake mwenyewe. Yvette alifanya ishara ya msalaba, akairudia.

"Kwenye nini?" akauliza Fernand.

"Kahawa. Ile ya moto. Inalainika, halafu unaifyonza kwenye—"

"Bastien," Solène akasema kwa sauti ndogo, "nyamaza, mpenzi."

"Si ameniuliza?"

Ghislaine aliona mlango umefunguka, akapita. "Mmesikia wenyewe kwa masikio yenu. Mtu anayeizamisha jibini kwenye kahawa, huyo atashindwa kuikata pua? Mimi nilisema tangu mwanzo. Mtoto wa duka la dawa angalau anajua kushika kisu."

Fernand alikaa. Alionekana amezeeka ghafla. Alimtazama kijana kwa muda mrefu, na alipozungumza hapakuwa na hasira katika sauti yake, bali huzuni, na huzuni ya mtu mpole ni nzito kuliko jiwe la kusagia.

"Kijana, sikuchukii. Umekula vizuri, nimekuona. Mambo ya kahawa ningeyavumilia, kila nchi na magonjwa yake. Lakini mtu anayekula pua ya wenzake akiwa peke yake, kisha akaketi nao akacheka, huyo siku ya dhiki atamfungia mtu mlango wa ghala. Sitaki amwoe binti yangu. Jibu langu ndilo hilo. Treni ya jioni hujaichelewa."

Solène alikuwa mweupe kuliko ganda la ile jibini. "Baba, ameshakwambia hakuikata."

"Na mama yako amesema hakuikata, tena ana kiapo. Wewe, mimi na shangazi yako tulikuwa kanisani. Nani kabaki?"

"Basi mimi naondoka naye."

"Hapana," Bastien akasema. Alikuwa amesimama na koti lake mkononi. "Sitaki uje kwangu kwa kutoroka kama mwizi. Mmoja ameshapatikana hapa, inatosha." "Ahsante kwa chakula, Mama. Kondoo alikuwa mtamu."

Ghislaine aliikubali shukrani kwa kuinamisha kichwa, kama malkia.

Muda huo wote Shangazi Yvette hakuwa ameuondoa uso wake pale juu ya ubao. Alikuwa akiitazama jibini kama daktari atazamavyo kidonda. Sasa akaketi vizuri, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi.

"Mnagombana bure, kaka yangu. Jibini yenyewe mbovu."

"Mbovu?" akasema Ghislaine.

Nanyi mjue kwamba jibini ile Ghislaine aliichagua mwenyewe sokoni. Aliibonyeza kwa kidole gumba, akaikataa, akabonyeza nyingine, mpaka muuzaji akamwomba achague au aoane nayo. Hakuna kitu alichojivunia duniani kama kidole gumba chake.

"Si vibaya, wifi, kila mtu hukosea," Yvette akaendelea kwa upole. "Nimeangalia hapa ilipokatwa. Rangi hii naijua. Moyo wake ulikuwa mchungu. Huyo aliyekula pua amekwisha kuadhibiwa, maskini."

Ghislaine alikaza midomo. Wekundu ukaanza kumpanda shingoni.

"Mchungu," Yvette akarudia, "halafu na kaladha ka sabuni. Siku nyingine ukienda sokoni nipitie, wifi, nikusaidie kuchagua. Umri nao unakula vidole."

Wekundu ukafika masikioni. Ghislaine alikunywa maji. Alikipanga kisu chake sambamba na sahani. Mtu angeweza kusikia jinsi alivyokuwa akijizuia, kama sufuria ya maziwa inayokaribia kufura.

"Sabuni kabisa," Yvette akasema, akamgeukia Fernand. "Ile ya kufulia."

"Sabuni?" Ghislaine akafura. "Sabuni, wewe Yvette, uliyezoea kula jibini za dukani zilizo kama plasta? Ilikuwa tamu mpaka kwenye ncha. Imeyeyuka ulimini kama siagi, ladha ya uyoga inakuja nyuma yake taratibu, na chumvi imekaa mahali pake, haikuzidi wala haikupungua, wala hapakuwa na uchungu hata wa…"

Akakoma. Mkono wake ulikuwa bado hewani, kidole gumba na cha shahada vimeshikana, vimeinua kipande ambacho hakikuwepo.

Sasa ndipo walipopigwa na butwaa kweli. Bastien alibaki na mkono mmoja ndani ya koti. Solène alimtazama mama yake kana kwamba amemwona akitoka dirishani kwa watu na gunia begani. Fernand hakusogea. Ni Yvette peke yake aliyeuokota uma wake sakafuni, akaupuliza, akauweka pembeni ya sahani.

"Imeyeyuka kwenye ulimi wa nani, Ghislaine?" Fernand akauliza.

"Nimesema ingeyeyuka."

"Umesema imeyeyuka."

"Niliinusa. Jibini nzuri, Fernand, mtu huijua kwa kuinusa tu. Wewe mwenyewe unajua."

"Mama," akasema Solène polepole, "na chumvi nayo uliinusa?"

Fernand aliinuka, akazunguka meza, akalichukua koti mkononi mwa Bastien na kulitundika mgongoni mwa kiti. Kisha akamshikisha kijana kisu cha jibini, mpini mbele.

"Keti, mwanangu," alisema. "Anza wewe kukata. Ubavuni."

Solène alilisikia lile neno "mwanangu", akauinamisha uso kwenye kitambaa chake. Ghislaine naye alifungua mdomo kutafuta uongo mwingine, lakini kila mtu pale alikuwa akiutazama ulimi wake, akaufunga. Wahenga hawakukosea: njia ya mwongo ni fupi, na hii ya Ghislaine haikuvuka hata upana wa meza.