Kalunguyeye, Kibarua wa Maneno

"Hadithi hiyooo!"

"Ilete!"

"Ina miiba."

"Ilete hivyohivyo!"

"Itamchoma mtu humu ndani."

"Tuchome, bibi!"

Haya. Nimewaambia mapema, asije mtu kuninunia.

Palikuwa na Kalunguyeye. Kanyama kadogo, mgongo mzima miiba, pua ndefu kama ya mtu anayenusa mboga ya jirani. Shamba hana. Tajiri wa kumpa kazi hana. Kazi yake maneno. Anachomoa mwiba wake mmoja, anauchovya kwenye tope, anaandika kwenye jani la mgomba: kwaru, kwaru, kwaru. Halafu anaingia njiani.

"Hodi, hodi! Nina maneno! Nani hana?"

Ngiri kagombana na wakwe zake, hajui aanzie wapi. Kalunguyeye anamwandikia maneno ya kuomba radhi, kwaru, kwaru, kwaru. Wakwe wanalia, mke anarudi.

"Hodi, hodi! Nina maneno! Nani hana?"

Mama Kwale ana maneno ya kusema kwenye harusi ya bintiye, marefu hayana mwisho. Kalunguyeye anayanyoosha. Hapa anatoa, hapa anapunguza. "Na hili la mkwe wako kukoroma, mama, usiliseme." Harusi inapita salama. Wanampa kumbikumbi, anawapelekea wanawe, wanatafuna.

Basi kila mwenye shida anaambiwa, "Mtafute Kalunguyeye." Lile jina ndilo lililomlisha. Jina likipotea, watoto wanalala njaa.

Sasa bwawani alikuwapo Kiboko. Mkubwa huyo! Nyasi zote zake. Maji yote yake. Kivuli chote chake. Kilichobaki sifa tu, nazo akazitaka.

Maana pale bwawani palikuwa na siku ya nyimbo. Atakayeimba vizuri anaitwa Mtunzi wa Bwawa, na kazi zote za maneno zinakwenda kwake. Na desturi yao moja: mtunzi lazima alitaje jina lake mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu. Jina litakalotajwa, huyo ndiye mwenye wimbo. Mjadala umefungwa.

Kiboko akaenda kwa Kalunguyeye. Ndi! Ndi! Ndi!

"We kibibi cha miiba!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nitungie wimbo. Mtunzi nitakuwa mimi."

"Na mimi je, mzee?"

"Wewe utakuwa hai."

"Ahsante, mzee."

"Na kuanzia leo, kila utakachotunga ni changu. Ukibisha, nakukanyaga."

Kalunguyeye akawaza. Nikikubali, jina limekwenda, wanangu watakula nini? Nikikataa, nageuka chapati. Akainamisha pua.

"Sawa, mzee."

Kwaru, kwaru, kwaru. Akamsomea:

Karibuni wa bwawani,
Lulu ya maji ni nani?
Nguvu zangu tazameni,
Yeyote aje majini,
Yeye atazama chini!

Kiboko akapiga mwayo, aaaah, mdomo kama mlango wa ghala.

"Mrefu! Nani ataushika wote huo? Kata!"

"Nikikata zaidi, mzee, kitabaki kikohozi. Tufanye hivi. Wewe anza tu kila mstari, kwa hiyo sauti yako nzito. Wewe KA! Vyura wanamalizia: ribuni wa bwawani. Wewe LU! Wao: lu ya maji ni nani. Mpaka mwisho. Ila nakuomba, mzee, vyura usiwanyime zamu yao. Wataondoka na nusu ya sifa, lakini wavumilie tu."

"Nusu ya sifa?"

"Nusu tu, mzee."

Kiboko akakunja uso. Kalunguyeye akaenda zake kuwafundisha vyura, wakashika sawasawa.

Siku ikafika. Wanyama wamejaa ukingoni. Vyura wamejipanga, makoo yamevimba, tayari. Kiboko akatoka majini, mwaaa! Akawatazama wale vyura. Nusu ya sifa wapewe hawa? Hawa wenye macho kama wamebanwa mlangoni?

"Nyie vyura! Leo nisisikie mdomo wa mtu! Naimba peke yangu!"

Vyura wakameza wimbo, gubu!

Kiboko akavuta pumzi.

"KA!"

Vyura wakaziba midomo.

"LU!"

Wanyama wakatazamana.

"NGU!"

Ngiri akamnong'oneza mkewe, "Kapaliwa?"

"YE!"

"Nyamaza, mume wangu, hajamaliza."

"YE!"

Kiboko akainama, anasubiri vigelegele. Nyuma kabisa kikatoka kisauti:

"Abee!"

Kalunguyeye huyo, anapenya katikati ya miguu ya watu. "Nimesikia naitwa, mzee. Nimekuja."

Mama Kwale akaruka. "Kumbe! Katutajia mtunzi! Ka-lu-ngu-ye-ye!"

"Nani? Mimi sikusema hivyo!"

"Ulisema nini, basi? Rudia."

"Nilisema KA! LU! NGU! YE! YE!"

Lo! Kicheko hicho! Ngiri kaanguka chali, miguu juu. Vyura wakashindwa kujizuia, wakauimba wimbo wote tangu mwanzo mpaka mwisho, na vigelegele vikapigwa, vyote vya Kalunguyeye. Desturi ni desturi. Jina limeshatajwa, tena kwa kinywa cha mkubwa.

Kiboko, chubwi! Kazama mwenyewe. Mpaka leo mchana kutwa yumo majini, katoa macho na masikio tu. Masikio yanacheza, pwi, pwi, anasikiliza kama wameacha kumcheka. Hawajaacha. Na Kalunguyeye habishi hodi tena kwa mtu, wao ndio wanabisha kwake.

Haya, funzo. Mkubwa akisema kazi yenu ni yake, mpeni, mseme "sawa, mzee," msibishane. Na ugomvi msiuweke moyoni. Mimi siweki. Wifi yangu Siwatu alisimama kwenye harusi ya jirani yetu Mgeni akaimba wimbo nilioutunga mimi, akasema kautunga yeye, tena kajifunga khanga yangu. Nimekumbuka basi? Khanga yenyewe ya njano, ina mikorosho, pindo moja limeungua pasi. Nimesahau kabisa.

Hadithi imelala. Ikiwa tamu, semeni ni ya bibi. Ikiwa chachu, semeni ni ya Siwatu.