Shikamoo ya Mita Kumi na Mbili

Hapo zamani, mitungi ya hewa ilipokuwa imeshafika pwani lakini akili ya kuitumia ingali njiani, palikuwa na mwalimu wa kuzamia aliyeitwa Simai. Magoti yake yalikuwa yamechakaa. Siku moja baada ya mtihani wa mwisho wa wanafunzi wake angehamia bara kwa binti yake, mahali ambapo maji ya kina ni ya kisima tu. Kabla ya kuondoka ilimbidi aivue saa yake, ile inayoonyesha kina na dakika, amvishe mwanafunzi mmoja. Atakayeivaa ndiye atakayewaongoza wenzake chini ya maji. Akisema pandeni, watapanda. Akisema ngojeni, watangoja. Akikosea, hakuna atakayerudi kulalamika.

Ndiyo maana usiku wa kuamkia mtihani Mwalimu Simai hakulala vizuri.

Wanafunzi walikuwa watatu. Haroub alikuwa na adabu. Akikutana na kasa chini ya maji alimpisha, kwa kuwa kasa ni mkubwa. Mize alikuwa na mikono ya kukuna nazi, akikushika, umeshikwa. Pandu alikuwa na mafua, na mwenye mafua hazamii, masikio yatamliza. Basi akaachwa botini na mtungi wa akiba, kamba yenye fundo kila mita, na bakuli la mihogo.

"Kazi yako ni kuangalia mapovu," mwalimu alimwambia.

"Mapovu tu?"

"Mapovu tu, baba. Usiyadharau."

Mwalimu akatangulia kushuka na kiti cha plastiki kilichofungiwa mawe, maana magoti hayakumruhusu kusimamia mtihani kwa miguu. Akaketi mita kumi na mbili chini, akamwita wa kwanza kwa mkono.

Akaja Haroub. Akamwona mtu mzima amekaa. Sasa, mwalimu alikuwa amewafundisha ishara ishirini na moja: ya kupanda, ya kushuka, ya hewa imekwisha, hata ya papa. Ya kuamkia hakuwafundisha. Haroub akatazama huku, akatazama kule, akakumbuka vidole vya bibi yake vilivyokuwa vikimfinya. Akatoa kipumulio mdomoni.

"Shikamoo, Mwalimu!" Yakatoka mapovu matupu.

Tangu aote ndevu, Mwalimu Simai hakuwahi kuacha shikamoo bila jibu. Akili haijafika, mkono umeshafika. Naye akatoa kipumulio chake.

"Marahaba, mwanangu!"

Pweza aliyeishi katika shimo la mwamba nyuma ya kiti akakidaka kile kipumulio, akaingia nacho shimoni. Mwalimu akavuta. Pweza akavuta. Pweza ana mikono minane.

Kifua cha mwalimu kikaanza kuwaka moto. Haroub akarudisha kipumulio chake mdomoni, akavuta pumzi mbili, akampa mwalimu. Mwalimu akavuta mbili, akamrudishia. Mbili kwako, mbili kwangu. Mize, aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye kamba ya nanga, akafika, akamfungua mwalimu mikanda, akamwachia pweza mtungi mzima.

Wakaanza kupanda. Mwalimu alikuwa amefundisha miaka ishirini kwamba mzamiaji hapandi upesi kuliko mapovu yake, na kwamba akifika mita tano husimama dakika tatu. Sasa akayasahau yote. Alitaka jua. Haroub naye alitaka jua. Walipofika mita tano, Mize akaizungushia miguu kamba ya nanga, akamkamata Haroub pezi la mguuni na mwalimu ndevu. Dakika moja. Mwalimu akampiga ngumi. Dakika ya pili. Mishale ya kupima hewa ya mitungi yote miwili ikalala kwenye nyekundu: hewa inakwisha.

Huko juu, Pandu alikuwa anatafuna muhogo. Mapovu yalikuwa mafungu matatu, na moja likachemka kama uji.

"Mwalimu leo kafurahi," akasema. "Anacheka."

Akatafuna kipande cha pili. Kisha akaacha kutafuna. Nani acheke muda wote huo bila kuvuta pumzi? Akafunga mtungi wa akiba kwenye kamba, akahesabu mafundo matano, akaushusha. Ukamgonga mwalimu utosini.

Dakika ya tatu ikatimia, wakaliona jua. Walipokwisha kutema maji, Haroub akasafisha koo.

"Mwalimu, shikamoo."

Mwalimu Simai akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Saa ni yangu," akasema Haroub. "Bila pumzi yangu, Mwalimu, ungebaki kwenye kile kiti."

"Bila shikamoo yako angehitaji pumzi yako?" akadakia Mize. "Saa ni yangu. Bila mkono wangu mngechomoka kama vizibo vya soda, na mapafu yamepasuka."

"Na hewa ingewaishia mkononi mwako, dada," akasema Pandu, akapiga chafya. "Saa ni yangu. Bila mtungi wangu mngetimiza dakika tatu mkiwa maiti wenye nidhamu."

"Wewe hata nywele hazijalowa!" akafoka Mize. "Ulikuwa unakula mihogo!"

"Vipande viwili tu!"

Mwalimu Simai akaishika saa, huku akipapasa ndevu zilizobaki. Mbele yake mikono mitatu ilikuwa imenyooshwa. Akainamisha macho. Maji yalikuwa maangavu, na kule chini pweza alikuwa amekaa kitini, ametulia, anaendelea na mtihani.

Sasa ninyi mlioketi hapa, toeni vidole midomoni, hapa hakuna pweza, mnijibu: je, nani alistahili kuvishwa saa?