Kibuyu cha Bibi Mlangoni pa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na meko na mikeka kama sisi, Pimbi aliishi mwambani na watoto wake. Kitindamimba wake, Siwema, alikuwa na kifua dhaifu tangu kuzaliwa. Upepo ukigeuka tu, mtoto anahema.

Asubuhi moja Kunguru alipita akipiga kelele. "Kwaa! Kwaa! Homa ya kukohoa imevuka mto! Kwa Ngiri wamelala nyumba nzima!"

Pimbi hakupiga yowe. Alimkumbuka bibi yake. Homa kama hiyo iliwahi kupita enzi za bibi, na tangu hapo kikongwe yule hakuacha kuanika kunde na dagaa, wala kutenga chumba cha mgonjwa, chenye dirisha. Mlangoni alitundika kibuyu kilichotobolewa chini na kuzibwa kwa kijiti. Ukichomoa kijiti, maji yanatiririka, chururu, chururu. Pembeni pana kifuu cha majivu ya kusugulia mikono.

"Mjukuu wangu," bibi alizoea kusema, kanga yake ikinukia moshi na kunde, "ugonjwa hauna miguu. Hubebwa na mikono yetu."

Pimbi akakishusha kibuyu darini, akakifuta vumbi polepole, akakitundika palepale pa zamani. Akachungulia kihenge: kunde zimo, dagaa wamo. "Hatutembei mpaka homa ipite," akawaambia wanawe.

Hajamaliza, mwamba ukatikisika. Kishindo!

"Hodi! Hodi hapa!" Alikuwa Nyati, na nyuma yake Fisi. "Kho! Kho! Pimbi, tumesikia harufu ya kunde. Tupishe tuingie!"

Pimbi akamtupia jicho Siwema. Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: mgeni hafukuzwi, na wote hunawa katika bakuli moja, mkubwa kwanza, mdogo mwisho. Nyati angenawa kwanza na kikohozi chake. Siwema angenawa mwisho, katika maji yaleyale.

"Karibuni, waheshimiwa!" Pimbi akaita kwa furaha. "Ila simameni hapohapo. Ninyi si wa kukalishwa ovyo. Kwani hamjasikia masultani wanavyokula?"

Masikio ya Fisi yakasimama. "Wanakulaje?"

"Sultani habanani na mtu! Hutandikiwa mkeka wake uwanjani, penye upepo, na sinia lake peke yake. Tena hanawi maji aliyonawia mwingine. Ng'o! Yake ni maji yanayotiririka, na majivu juu."

"Ala!" Fisi akaruka. "Na mimi miaka yote nanawa makamasi ya huyu!"

"Koma, mla mifupa!" Nyati akafoka. "Pimbi, na sultani akikohoa? Kho!"

"Hugeuka kando, akakoholea kiwikoni. Pumzi ya sultani haitupwi ovyo. Akizidiwa hulala chumbani mwake, uji ukawekwa mlangoni. Sultani haendi kwa watu, mzee wangu."

"Kweli kabisa," Nyati akasema, akikitafuta kiwiko chake.

Basi Nyati akakaa kule, Fisi huku, kila mmoja kavimba kwa fahari. Wakanawa chururu, wakala, wakaondoka. Njia nzima wakajisifu kwa kila waliyekutana naye; kesho yake kila mlango ukawa na kibuyu, na ukimpa Fisi mkono anaruka nyuma: "Niache! Mimi sultani, bwana!"

Homa ikaja. Kwa Nyati aliugua Nyati peke yake, chumbani, akala uji wake kisultani mpaka akapona. Mwambani, Siwema hakukohoa hata mara moja.

Siku moja Fisi akapita, akamkuta Pimbi akimwonyesha Siwema kijiti. "Hivi ndivyo alivyofanya bibi yangu, mwanangu."

"He!" Fisi akapaza sauti. "Kumbe hakuna sultani! Ulitufukuza huku unatukaribisha!"

"Ninyi niliwakaribisha kwa moyo wote, Bwana Fisi. Niliyemfukuza ni homa."

Fisi akacheka mpaka akajikunja, hii-hii-hii! Kisha akakitazama kibuyu kile kikuukuu.

"Eti, huyo bibi yako," akauliza taratibu, "majivu aliyahifadhi wapi yasilowe?"

Pimbi akamweleza, na katika sauti yake mwenyewe akaisikia ya bibi.

Wanangu, nyumba huandaliwa kabla maradhi hayajapiga hodi.