Wageni wa Julai

Msala mpya huvutia macho. Una rangi, una nyuzi za kung'aa, na anayeupitisha mbele yako hana haraka ya kukwambia kwamba haukukusudiwa kukaa kwako. Mbachao, ule uliochakaa kwa magoti yako mwenyewe, haumvutii mtu. Lakini alfajiri ndio unaoukuta sakafuni. Wahenga waliyaona hayo wakatuonya tusiuache huu kwa ajili ya ule. Inoke wa kijiji cha Nukusere, katika visiwa vya Fiji, hakuwahi kuusikia msemo huo kwa maneno hayo, ila aliuonja kwa ulimi wake mwenyewe, na ulikuwa mchungu kama shubiri.

Inoke alikuwa kiongozi wa wazamiaji, akiwapeleka wageni chini ya maji kutazama samaki. Yeye na mkewe Taraivini walikuwa na vibanda vinne vya wageni ufukweni, mashua moja, na mashine ya kujazia mitungi hewa iliyokohoa kuliko mgonjwa wa pumu. Kabla ya hapo alikuwa kibarua wa kuchuma machungwa Australia, miaka mitatu mizima. Aliporudi, binti yake Sereima, aliyemwacha akitambaa, alijificha nyuma ya sketi ya mama yake akauliza, "Mama, huyu mgeni ataondoka lini?" Siku ile Inoke aliapa kwamba hatatoka tena nyumbani, iwe jua iwe mvua. Vibanda vile ndivyo vilivyokilinda kiapo chake. Vikikosa wageni msimu mmoja tu, hakuwa na budi kurudi machungwani.

Wageni wenyewe hawakuwa wengi. Tegemeo la mwaka mzima lilikuwa kundi la watu kumi kutoka Japani, likiongozwa na mwalimu mstaafu aliyeitwa Bi Hayasaka. Kila Januari mama huyo alituma mpango wa safari aliouchora kwa penseli. Siku ya kwanza, kumpelekea chifu mizizi ya kava, ya kutengenezea kinywaji cha heshima cha huko, na kumwomba ruhusa ya bahari. Siku ya pili, mwamba wa karibu, kwa sababu ya magoti ya wazee. Siku ya tano, mkondo wanakopita samaki wapana waitwao taa, maji yakijaa. Kwa miaka tisa hawakukosa hata Julai moja. Mwaka aliofariki mdogo wake chifu, bahari ikafungwa kwa maombolezo, walikuja vilevile. Hawakulowesha hata unyayo. Walikaa jikoni na akina mama wakimenya mihogo ya matanga, na Bi Hayasaka akasema kwamba samaki hawana pa kuhamia.

Mwaka wa kumi, mpango wa penseli ulipofika, Inoke aliubandika ukutani kama kawaida. Mwezi uliofuata akaja Bwana Corrigan.

Huyu alikuwa wakala wa kampuni ya safari, mtu wa miwani nyeusi na saa ya mkononi kubwa kama kifuniko cha sufuria. Alikuwa na wazamiaji ishirini na wanne waliotaka wiki mbili zilezile za Julai. "Na baada ya hapo kila mwezi, rafiki yangu. Kila mwezi!" Inoke alisikia maneno hayo, na kichwa chake kikavimba papo hapo.

"Mama Sereima, tumetoka!" alimwambia mkewe jioni ile.

"Tumetoka kwenda wapi? Julai ina wenyewe."

"Wale wazee watakuja Oktoba. Kwani bahari ya Oktoba imepungukiwa nini?"

"Wazee hao wamemenya mihogo jikoni kwangu, Baba Sereima. Huyu wako wa miwani hata viatu hakuvua mlangoni."

"Viatu! Mimi nakwambia watu ishirini na nne, wewe unaniletea habari za viatu!"

Taraivini akashusha sauti, akaelekeza kidevu upande wa nyumba ya chifu. "Na yule mzee je?"

Chifu alikuwa kitandani tangu Krismasi. Kila mtu alijua kwamba akifumba macho, bahari yote ingefungwa kwa siku mia moja. Lakini Nukusere, kupanga jambo kwa kukadiria kifo cha chifu ni sawa na kumchimbia kaburi angali anapumua. Neno hilo halitamkwi, sembuse kuandikwa.

"Nyamaza!" Inoke alimaka. "Unataka kutuletea laana?"

Kwa hiyo Corrigan alipouliza kama bahari itakuwa wazi mwezi wa Julai, Inoke alimjibu, "Wazi kabisa." Hakudhani kwamba anadanganya. Alidhani ana adabu.

Kesho yake alipanda kilima cha kanisa, mahali pekee penye mtandao, akamwandikia Bi Hayasaka asubiri hadi Oktoba. Jibu lilikuja kabla hajashuka: "Tumeelewa. Asante kwa miaka yote."

"Unaona?" alimringia mkewe. "Hawana neno."

Taraivini aliusoma ujumbe ule mara mbili. "Mtu anayekuja Oktoba," alisema, "haagi hivi."

Inoke hakumsikiliza. Alibandua mpango wa penseli, akabandika wa Corrigan, uliopigwa chapa kwa rangi nne. Aliazima mitungi kisiwa cha jirani, akawaomba majirani nyumba za ziada, akapanda magimbi hadi nyuma ya choo. Miezi minne alipanga usiku na mchana. Alijua nani atalala wapi, nani atazamia na nani, na mashua itang'oa nanga saa ngapi kila siku.

Wiki tatu kabla ya wageni kufika, baragumu la kombe la pwani lililia asubuhi na mapema. Chifu alikuwa amekata roho. Kabla ya jua kutua, vijana walikuwa wamesimika juu ya mwamba nguzo zilizofungwa makuti, na hakuna aliyeruhusiwa kutia ndoano wala mguu. Inoke alimlilia chifu wake kwa machozi ya kweli, maana mzee yule alimlea. Kisha akakumbuka Julai, akalia tena, na safari hii alijionea aibu.

Corrigan alipopewa habari hakusema hata pole. "Uliniambia wazi kabisa," aliandika. "Tumehamia kisiwa kingine."

Inoke alichanganyikiwa. Alikwenda kupiga magoti mbele ya mjomba wake Kelemedi, msemaji wa ukoo wa chifu.

"Mjomba, naomba kona moja tu. Ule mkondo wa taa, nje kabisa. Nikiwaambia kuna kona iliyo wazi, huenda wakarudi."

"Kona?" Kelemedi alimtazama kama aliyeona kioja. "Bahari imekuwa chapati, mpwa wangu, nikumegee? Udongo wa kaburi haujakauka! Hivi wale wazee wako wa Japani wangethubutu kuniomba kona?" Akatazama huku na huku. "Na wako wapi, hata hivyo? Mbona sijawaona matangani?"

Inoke aliinamisha kichwa.

Akabaki na mlango mmoja. Alipanda tena kilimani, akamwandikia Bi Hayasaka kila kitu bila kuficha, akamsihi waje, hata kama ni kwa wiki moja. Safari hii alikaa siku mbili juu kule akingoja. Jibu lilipokuja lilikuwa la upole, na upole wenyewe ndio uliommaliza.

"Tunamlilia chifu pamoja nanyi. Tungejua ni hivi, tungekuja kumenya mihogo. Lakini tumepata wenyeji wengine, Palau. Ni watu wema, wametuomba turudi kila mwaka, nasi tumewaahidi. Wewe unatujua, Inoke. Tukiahidi, huwa tunakwenda."

Ndiyo, aliwajua. Kwa miaka tisa alikuwa amekula matunda ya ahadi yao. Alikaa juu ya jiwe, simu mkononi, na moyo wake ukawa mtupu. Hakuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililomwuma kuliko yote.

Agosti, Inoke alijaza fomu za machungwa. Mkataba ulikuwa wa miaka minne. Siku ya kuondoka Taraivini alimfungia magimbi ya kuchemsha bila kumwambia neno, kwani yote alikwisha kuyasema mwezi wa pili. Sereima, sasa msichana wa miaka kumi na mitatu, alimsindikiza hadi gatini. Hakujificha. Alimkazia baba yake macho.

"Ulisema hutaondoka tena."

Meli ilipiga honi, Inoke akapanda, naye hakuweza hata kugeuka kumpungia mwanawe mkono. Mgeni wa kupita alikwisha kupita, na mgeni wa kudumu alikwisha kupata kwao pengine. Hayo ndiyo malipo ya aliyesahau kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.