Bucha ya Bwana Fisi

Hadithi imefika mlangoni, jamani.

— Ifungulie iingie.

Ina miguu michafu.

— Iingie hivyo hivyo, tutafagia.

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna hapo nyuma, tafuna polepole, maana leo ni habari za biashara.

Palikuwa na Bi Nguchiro, mnyama mdogo mwenye mkia mrefu na maneno marefu kuliko mkia. Alikaa kwenye kichuguu na wanawe. Mwaka huo jua liliwaka mpaka panzi wakahama, na watoto wakawa wanalia njaa kutwa nzima, ngwii, ngwii. Asubuhi moja, akitafuta hata jongoo, Bi Nguchiro akakuta korongoni swala mnene amekufa, bado mbichi, hana mwenyewe. Alitaka kulia kwa furaha. Kabla hajalia, vichaka vikafanya chaka, chaka, chaka, akatokea Bwana Fisi.

"Nani kamwona kwanza?" akauliza Fisi.

"Mimi."

"Na nani mkubwa?"

"Wewe."

"Basi tumeelewana," akasema Fisi, akamkalia swala.

Bi Nguchiro alipata uchungu mpaka masikio yakamwasha. Kupigana hawezi. Kuomba nako, Fisi hajawahi kumwachia mtu hata ukwato. Akawafikiria wanawe, akameza mate, akakaa juu ya jiwe kama mtu mwenye shughuli zake.

"Hongera, Bwana Fisi. Mtaji mkubwa huo."

Fisi alikuwa keshaachama mdomo. "Mtaji gani? Hii nyama."

"Ni nyama kwa asiyetaka kujiendeleza. Kila siku watu wakikuona wanaokota mawe. Hujachoka? Fungua bucha uone. Hao hao watakuja, shikamoo Bwana Fisi, nipimie nusu. Lakini ukila mtaji, wewe si mfanyabiashara tena. Wewe ni fisi tu."

Neno hilo lilimchoma Fisi. Tangu azaliwe hajaamkiwa na mtu. Akafumba mdomo, kop. "Haya, nifungue bucha. Sasa niuze mbichi au nichome?"

Bi Nguchiro akajua amempata.

"Usikurupuke, Bwana Fisi. Uamuzi kama huo hautolewi hivi hivi. Wateja waonje kwanza. Nipe paja niwapelekee, niwaulize."

Fisi akatoa paja. Nguchiro akaliburuta, buru, buru, buru, mpaka kichuguuni. Wateja wakaonja. Wateja wenyewe walikuwa wadogo wadogo na walimwita mama.

Akarudi.

"Wateja wanasemaje?" akauliza Fisi.

"Wanasema tamu. Ila wengine wanaona ingechomwa ingekuwa tamu zaidi."

"Basi nichome."

"Usikurupuke. Je, ukichoma halafu wasiipende? Nipe mbavu nikawachomee, waonje kwanza."

Fisi akatoa mbavu. Buru, buru, buru. Nguchiro akarudi anajilamba.

"Wateja wanasemaje?"

"Wanasema tamu. Ila wazee wasio na meno wanaulizia supu."

Tumbo la Fisi likanguruma, nguru, nguru. "Bibi wee, si ningekula kidogo tu, kichwa kipate kufanya kazi?"

"Kula. Mimi ni nani hata nikukataze? Ila kule nimeshakutangaza kuwa wewe ni mfanyabiashara."

Fisi akajibana tumbo kwa mikono miwili. Shingo ikaenda ya supu. Paja la pili likaenda la mishikaki. Maini yakaenda kwa sababu kuna mteja mmoja, alisema Nguchiro, mgumu sana, haridhiki mpaka aone maini.

— Na Fisi hakushtuka?

Unauliza kama hujawahi kukaa na mtu wa mipango. Alishtuka, mbona. Jua lilipokuwa linashuka alisema, "Hawa wateja mbona siwaoni? Twende wote."

Bi Nguchiro akaacha kujilamba. Kichuguuni wanawe walikuwa wamelala chali, matumbo juu. Fisi akiwaona, hatouliza tena habari za supu.

"Twende," akasema taratibu. "Ila dukani unamwacha nani? Naona tumbusi wanazunguka huko juu."

Fisi akatazama juu, akawaona. Akainuka, akakaa. Akainuka, akakaa. Akatangulia hatua, akarudi hatua. Akienda wataiba, akikaa ataibiwa. Akabaki hapo anazunguka mkia wake mwenyewe, na huku Nguchiro anaburuta kipande cha mwisho, buru, buru, buru.

Ghafla Fisi akasimama, kifua mbele. "Nimeamua. Nachoma. Na sirudi nyuma."

Akageuka. Palikuwa na pembe na kwato.

"Pembe hazichomeki," akasema Bi Nguchiro, aliyekwisha kurudi, "lakini uamuzi umeutoa mwenyewe, bila kushikwa mkono. Wangapi hapa porini wanaweza?"

Fisi akafikiri. Akaona kweli. Machozi yakamlengalenga, na si ya njaa peke yake.

Siku hizi Bwana Fisi amekonda, lakini ana heshima zake. Anakaa njia panda akifundisha wanyama namna ya kufanya uamuzi, na kila anayekuja analeta mfupa wa ada. Wanamwamkia, shikamoo mwalimu. Anawaambia, "Mimi nami nilikuwa kama nyinyi." Mwishoni wanasimama wote, wanapaza sauti, nimeamua, halafu wanarudi makwao kwenda kufikiria.

Funzo la ngano hii ni kwamba mfanyabiashara mwema hali mtaji wake. Na kabla hujaamua jambo lolote kubwa, tafuta mshauri mwenye watoto wengi, maana huyo ana huruma.

Nimefika, ulimi umechoka.

— Basi ulaze.