Jicho Lililotikisika

Kipimo nacho hupimwa. Mmemsikia mkuu wa chuo akimwambia hivyo mtahini wenu asubuhi hii, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Wengi hudhani ni methali ya wauza nafaka, ya enzi za pishi na kibaba. Sivyo. Ni methali changa, na wapo watu walio hai walioiona ikizaliwa. Sikilizeni basi.

Kabla simu za mkononi hazijafika kwetu, mji wa Bukoba ulikuwa na karakana ya kutengeneza redio za upepo, zile ambazo zahanati za mbali zilitumia kuita msaada. Humo alifanya kazi fundi mmoja mwanamke aliyeitwa Adventina. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa maneno machache na mikono mitulivu. Mkuu wake alikuwa Mzee Kaijage, mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi, fundi aliyeheshimiwa kwa sababu hakuwahi kumwonea mtu wala kumpendelea.

Fahari ya karakana ile ilikuwa mashine ya kupimia, kuukuu, ya vali za kioo, ambayo kuinyanyua kulihitaji watu wawili. Ilikuwa na kioo cha mviringo ambamo mstari wa kijani ulionyesha hali ya umeme. Jina lake la kitaalamu ni osiloskopu, lakini pale kila mtu aliiita Jicho. Fundi akimaliza kazi, waya wa Jicho uligusishwa kwenye umeme wa redio yake. Mstari ukinyooka, redio ni nzima. Mstari ukitikisika, redio inarudi mezani. Mzee Kaijage alilitumia Jicho kwa miaka kumi na tisa, na lilichosema ndicho kilichokuwa.

Mwaka huo mambo yalianza kumwendea Adventina kombo. Katika miezi miwili, wenzake wakiwa kwenye kazi ya antena na chaja zisizopimwa na Jicho, redio zake mbili zilikataliwa. Alizirudia, zikakataliwa tena, zikaishia stoo zikingoja kuvunjwa vipuri. Mafundi wenzake hawakusema kitu mbele yake. Lakini aliona jinsi walivyoacha kumwomba ushauri, na hilo lilimuuma kuliko kusemwa.

Ndipo akaja Leokadia, muuguzi wa zahanati ya kisiwani, amebeba redio ndani ya khanga kama mtoto. Ilikuwa Jumanne, na boti ya kurudi kisiwani ilikuwa Ijumaa.

“Dada, imenyamaza wiki ya tatu sasa,” alimwambia Adventina. “Nina mama mmoja kule, mimba ya mapacha, na miguu imemvimba. Akishikwa na uchungu nisiwe na redio ya kuitia boti, nitafanya nini?”

Adventina aliifanyia kazi siku nzima. Alibadilisha rezista iliyoungua, akachomelea upya nyaya zilizoliwa na kutu, akapima kwa mita yake ndogo, vipimo vikakaa sawa. Jumatano asubuhi Mzee Kaijage akagusisha waya wa Jicho. Mstari wa kijani ukatikisika.

Akairudia. Mchana mstari ukatikisika vilevile.

Mzee Kaijage alivua miwani, akaifuta polepole. “Binti, hii ni ya tatu. Siwezi kumpa muuguzi redio nisiyoiamini akaenda nayo majini. Ijumaa tutaivunja vipuri. Na wewe, kuanzia Jumatatu utakaa stoo. Sikufukuzi. Lakini meza ya ufundi nitampa mwingine.”

Hakusema kwa hasira, na kwa hiyo hapakuwa na pa kubishia. Adventina aliitikia, “Sawa, Mzee,” akarudi mezani kwake na kukaa. Leokadia alikuwa kwenye benchi la wageni. Alisikia yote, akainamisha kichwa.

Kabla ya kuifunga redio ile, Adventina aliiunganisha na antena ya karakana, si kwa matumaini, ila kwa kuiaga. Akaita zahanati moja ya bara. Sauti ya mwanamume ikamjibu papo hapo: “Nakusikia vizuri sana. Sauti yako safi, haina hata mkwaruzo. Wewe ni nani?”

Adventina alijitaja jina na kumshukuru. Alibaki ameshika kipaza sauti. Sikio la mtu aliye mbali linasema redio ni safi. Jicho lililo chumba cha pili linasema ni chafu. Mmoja kati yao anadanganya, na yule wa mbali hana sababu ya kudanganya.

Usiku ule alilala kidogo. Alfajiri, akiwasha moto wa chai, alimkumbuka marehemu mama yake. Mama huyo, kila alipokwenda kununua dagaa kwa muuzaji asiyemjua, alitoa kwanza kwenye kikapu pakiti ya chumvi ya kilo moja, ambayo haijafunguliwa, akaiweka kwenye mizani. Mizani ikisema kilo, ananunua. Ikisema vingine, anaaga kwa adabu. Adventina alijiuliza: chumvi ya Jicho ni ipi? Ni kitu gani ninachojua hali yake kabla sijakipima?

Akiwa njiani kwenda kazini alipita dukani, akanunua betri mbili mpya za tochi.

Alimkuta Mzee Kaijage akinywa chai. Akapiga goti kidogo kumsalimu, kisha akaweka betri moja juu ya meza. “Mzee, naomba unipimie hii.”

“Betri ya tochi? Ya nini?”

“Naomba tu uniambie Jicho litasema nini.”

Mzee alitabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali la darasa la kwanza. “Umeme wa betri hauna mawimbi, mwanangu. Mstari utapanda kidogo, unyooke kama kamba ya mwashi.”

Akawasha Jicho, akalingoja lipate moto, akagusisha nyaya kwenye betri. Mstari ulipanda. Kisha ukatikisika, mtikisiko uleule wa redio tatu.

“Hii betri ni mbovu,” alisema.

Adventina akampa ya pili, mpya, bado ina karatasi yake. Mstari ukatikisika.

Mzee Kaijage aliweka nyaya chini. Mafundi wengine wawili walikuwa wamesogea, na Leokadia amesimama mlangoni. Siku zote hizo mtikisiko ule ulionekana hata Jicho lisipounganishwa na chochote. Lakini waya ulioachwa wazi hudaka mvumo wa umeme wa ukutani, kwa hiyo haukumshangaza mtu. Sasa waya ulikuwa umeshikwa na betri, na kisingizio hicho hakikuwapo tena.

“Miaka kumi na tisa,” Mzee alisema kwa sauti ya chini. “Tangu lini imekuwa hivi?”

“Sijui, Mzee. Labda miezi miwili.”

Alielewa maana ya miezi miwili. Alimtazama Adventina usoni kwa mara ya kwanza tangu jana. “Chomoa waya wake ukutani,” alisema. “Lete bisibisi. Tutaifungua wewe na mimi.”

Kifuniko kilipotoka, Adventina alinyoosha mkono, Mzee akaudaka hewani. “Taratibu! Umeichomoa, lakini ndani haijafa. Kapasita za mashine hizi hutunza umeme kama nyoka aliyekatwa kichwa, bado anauma.” Akachukua kijiti kikavu chenye rezista kubwa nchani, akagusisha miguu ya kapasita moja baada ya nyingine, akihesabu hadi thelathini kila mara. Kisha akapima kwa mita mpaka sindano ikalala kwenye sifuri. “Sasa gusa.”

Waliitafuta kasoro kuanzia mahali umeme unapoingilia. Transfoma ilikuwa nzima. Ile inayofuata, kapasita nene kama kopo la maziwa, ilikuwa imevimba kichwani na kutoa utomvu mkavu. Kazi yake ni kama ya tangi la maji: umeme hufika kwa mawimbi, nayo huupokea na kuutoa umetulia. Tangi lilikuwa limekauka. Umeme wote uliolisha Jicho ulikuwa unatikisika, na Jicho liliwabandikia wengine mtikisiko wake lenyewe.

Kapasita ya namna ile haikuwapo stoo. Mzee Kaijage alitoka bila kuaga, akarudi baada ya saa nzima amekumbatia redio ya mbao ya sebuleni kwake, ile aliyoinunua mwaka aliooa.

“Mzee, hii inafanya kazi,” Adventina alisema.

“Ndiyo maana nimeileta. Kapasita yake ni nzima. Mama Felisiana wangu nyumbani atanisema, na ana haki. Fungua.”

Uwezo wa kapasita hiyo ulizidi kidogo wa ile iliyokauka, wala haukupungua. Adventina aliichomelea. Kabla ya kuwasha, Mzee alipitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kawaida, ili kama kuna kosa iwake balbu badala ya kuungua mashine. Balbu iling'aa kidogo, ikafifia, ikabaki na wekundu hafifu. Wakaitoa. Kioo kikapata moto, mstari wa kijani ukatokea. Adventina akagusisha betri ya tochi.

Mstari ulipanda, ukanyooka, ukatulia.

Hawakushangilia. Mzee alisema tu, “Leteni ya kisiwani.” Ikapimwa: safi. Akaagiza zile mbili zitolewe stoo, zikafutwa vumbi, zikapimwa: moja safi, nyingine safi.

Mzee Kaijage akasimama mbele ya mafundi wote na yule muuguzi. “Nilimhukumu binti huyu mara tatu,” alisema, “na mara tatu kosa lilikuwa mezani kwangu. Adventina, nisamehe. Meza yako ni yako.”

“Yamekwisha, Mzee,” alijibu.

Ijumaa Leokadia aliondoka na redio yake. Siku tisa baadaye sauti yake ilisikika pale karakana ikiita boti. Boti ilifika kwa wakati, na mapacha walizaliwa hospitalini, wazima, mama yao akawanyonyesha.

Kuanzia hapo, kila Jumatatu Jicho lilipimwa kwa betri mpya kabla halijapima kazi ya mtu. Wageni walipouliza kwa nini, Mzee Kaijage aliwajibu kwa maneno matatu. Maneno hayo yakatoka karakana yakaenda sokoni, kwenye mabaraza ya wazee, na hata kwenye chuo chenu. Huambiwa hakimu, huambiwa mwalimu, huambiwa mzazi mwenye kidole chepesi cha kunyooshea wengine. Wala si kwa kumdharau, maana Mzee Kaijage hakudharauliwa hata siku moja baada ya pale. Huambiwa ili kabla hajasema fulani ni mbovu, atafute kwanza betri yake ya tochi.

Kipimo nacho hupimwa.